Muulize Fundi: Rilei ya usalama imegoma, bosi anataka jampa

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda cha kukamua mawese huku Mwandiga, Kigoma. Paneli yetu ina rilei ya usalama, ile ya njano ya kampuni ya Pilz, inazima mashine ya kukamulia kupitia batani za emajensi pamoja na swichi ya mlango wake. Juzi mtu alibonyeza emajensi, tangu hapo kila tukiriseti inagoma. Bosi anasema piga jampa, yaani waya wa kuiruka rilei, kazi iendelee maana chikichi zimejaa uani zinaoza, spea utaagiza taratibu. Duka moja Dar wamenijibu hiyo modeli haitengenezwi tena, lingine wanayo ya mtumba, na fundi mwenzangu ananiambia nifunge rilei ya kawaida ya volti 24, ni bei chee na kazi ni ile ile. Nifuate lipi?

*Fundi wa Mwandiga*

Jibu: Marahaba. Mimi nikuulize kwanza, nani kakwambia rilei imekufa? Maana ulivyoeleza, ilikuwa nzima, mtu akabonyeza emajensi, ikagoma kurudi, na hizi rilei zimetengenezwa zigome hivyo hivyo zikiona kitu hakiko sawa. Watu wengi wanaing'oa nzima wanatupa, wanafunga mpya ya hela nyingi, nayo inagoma vile vile ndio wanaanza kutafuta tatizo.

Fungua paneli uangalie taa. Kama taa ya pawa haiwaki, anza na fyuzi na pawa saplai yako ya 24, rilei iache kwanza. Kama pawa ipo, zima meni, chukua multimita uende kwenye batani yenyewe. Batani ya emajensi ya ukweli ina kontakti mbili nyuma (sehemu zinazofungua na kufunga njia ya umeme), kila moja na njia yake hadi kwenye rilei, na zote mbili zinatakiwa zifunguke pamoja ukibonyeza na zifunge pamoja ukiachia. Ikifunguka moja tu mashine itazima, sawa, ila rilei itakataa kuriseti kwa sababu imeona njia ya pili haikufunguka. Hapo ushapata jibu lako kwenye kontakti bloku ya shilingi ndogo tu.

Na ukiwa hapo hapo nyuma ya batani, angalia kama bloku imeshika vizuri. Hii naomba uisome mara mbili: zile bloku za plastiki zinachomekwa tu, na kwa mtetemo wa mashine huwa zinaachia zinaning'inia kwenye waya. Kontakti ya emajensi inakaa imefungwa muda wote, kwa hiyo bloku ikidondoka inabaki imefungwa, umeme unapita kama kawaida, mashine inapiga kazi, kila mtu anafurahi, na siku mkono wa mtu umevutwa unabonyeza batani inaingia ndani wee na hakuna kinachotokea. Ndio maana siku hizi kuna bloku zinazojikagua zenyewe, zikiachia zinakata. Ukiagiza, agiza hizo.

Batani zikiwa safi, nenda kwenye kontakta za mota, zile swichi kubwa zinazoiwasha. Rilei ya usalama kabla ya kukubali kuriseti inapitisha waya kwenye kontakti saidizi za kontakta ili ijue kweli zimeachia, angalia kwenye mchoro wa modeli yako hiyo njia imepita wapi. Kontakta ikiganda, yaani meno yameungana kwa moto, rilei haikubali. Fikiria sasa umepiga jampa hapo halafu tatizo lilikuwa kontakta imeganda, maana yake umebaki na mota usiyoweza kuizima kwa batani yoyote.

Sasa tuseme umepima vyote na kweli rilei ndio imekufa. Ya kawaida ya volti 24 usifunge. Ndani ya rilei ya usalama kontakti zimeunganishwa kimakanika, ile inayowasha mota ikiganda basi ile ya kujikagua haiwezi kufunga, na tena zipo mbili mbili ili moja ikifeli nyingine ikate. Ya kawaida ikiganda inakaa kimya, mashine inatembea, utajua siku ya ajali.

Modeli kusimama kutengenezwa isikutishe, wenye kampuni wanakuwa na modeli mbadala. Ila usiandike "rilei ya Pilz ya njano" ukategemea kupata kitu, zote ni za njano! Piga picha lebo ya ubavuni ionekane namba nzima ya oda, volti (ya 24 DC na ya 230 AC unaweza ukazishika mikononi usione tofauti), idadi ya kontakti, kama inakata papo hapo au inachelewesha, na riseti yake ni ya kubonyeza au inajiriseti. Hiyo ya mwisho watu wanaipuuza sana, wanaletewa ya kujiriseti, halafu mtu akivuta tu batani ya emajensi mashine inawaka yenyewe na mwenzake yuko ndani anasafisha. Kampuni nyingine pia ni sawa mradi kiwango chake cha usalama kisiwe chini ya ile ya zamani, ila herufi za vituo vya waya ni tofauti, kwa hiyo utachora mchoro upya na kujaribu kila batani na kila mlango, moja baada ya nyingine, sio kubonyeza moja ukasema fresh.

Ya mtumba mimi hapana. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa mashine, ISO 13849, kinahesabu umri wa vifaa hivi kama miaka 20, hiyo ya dukani hujui imekaa mingapi wala imepiga mara ngapi ilikotoka. Mtumba nunua mota, nunua fremu ya paneli hata. Kingine, agiza mbili. Basi la Dar mpaka Kigoma sio shida, kifurushi kinakufikia, shida ni zile wiki duka linasubiri mzigo kutoka nje, na ukiwa na moja stoo hizo wiki hazikuhusu.

Na bosi? Mashine isimame. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inambebesha mwajiri huo mzigo, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wakija baada ya ajali wanafungua paneli. Andika kwenye daftari la shifti tarehe, tatizo, na kwamba umeshauri isiwashwe, umpe asaini. Mara nyingi kalamu ikishafika mkononi mtu anakumbuka kwamba hata kesho ni siku.

Swali: Habari za kazi. Kiwanda chetu cha mafuta ya pamba hapa Tabora kina boila ndogo ya dizeli. Inachapa kazi vizuri kabisa, hatujawahi kupata shida. Meneja mpya anataka orodha ya spea za usalama za kuweka stoo, na anauliza tunavijaribu vifaa lini, mimi sikuwa na jibu maana huwa hatujaribu kama havijaharibika.

*Opareta wa boila, Isevya*

Jibu: Nzuri. Hongera kwa kupata meneja anayeuliza, wengine wanangoja bomba lipasuke. Hilo neno "hatujawahi kupata shida" kwenye boila ndilo linalonitia wasiwasi, maana floti ya kukata moto maji yakipungua ikikwama huwezi kujua kwa kuangalia, boila inawaka tu kama jana.

Kila siku, boila ikiwa inawaka moto mdogo, fungua vali ya kutoa maji ya chumba cha floti taratibu. Bena, yaani kichomeo cha mafuta, lazima izime yenyewe. Isipozima, zima wewe na isiwashwe mpaka itengenezwe. Maji ya visima yakiwa na chumvi na chokaa yanajenga tope gumu mle ndani, floti inanasa juu na boila inaamini maji yapo wakati matyubu yanaungua. Kama mna floti mbili, ile ya chini inayotaka kuriseti kwa mkono nayo ijaribiwe, isiachwe ya urembo.

Jicho la moto, yaani kihisi kinachoona kama bena inawaka, ni rahisi zaidi. Litoe bena ikiwa inawaka, lizibe kwa kiganja, mafuta lazima yakatwe ndani ya sekunde chache. Halafu ulifute masizi kwa kitambaa laini. Sefti vali msiiguse skrubu yake hata kidogo, ikivuja inapelekwa kwa wenye mashine ya kuipimia na irudi na sili na cheti, na mkaguzi wa boila atataka kukiona.

Stoo weka jicho la moto moja, swichi ya floti kamili, swichi ya presha, kioo cha maji na washa zake za kuzibia (washa zinaisha kuliko kioo, weka nyingi), elektrodi za kuwashia, fyuzi, na kontrola ya bena kama hela inaruhusu maana hiyo ndiyo inayochelewa kufika. Hiyo stoo isiwe chumba cha boila. Kapasita za ndani ya vifaa vya elektroniki kila joto likiongezeka nyuzi 10 umri wake unapungua karibu nusu, utakuja kufungua boksi jipya ukute kitu kimezeekea humo humo.

Swali: Mambo vipi fundi. Tuna PLC ya usalama (kompyuta ya kuendesha mitambo) Siemens S7-300F kwenye pampu za mafuta hapa Kigoma. Nimesikia imesimamishwa. Tubadilishe yote au tutafute spea? Na kuna jamaa anauza moduli "refabishi", yaani zilizotumika zikatengenezwa upya, mtandaoni kwa bei nzuri.

*G., Ujiji*

Jibu: Poa. Ni kweli, Siemens walianza kuisimamisha S7-300 tarehe 1 Oktoba 2023, ila spea zimeahidiwa kwa miaka 10 baada ya hapo. Kwa hiyo hamna haja ya kukurupuka, lakini bajeti ya kuhamia mfumo mpya ianze kuombwa sasa, nyie wenyewe mnajua bajeti inavyotembea. Nunueni moduli moja moja ya kila aina sasa hivi wakati bado zinatoka kwa wakala.

Huyo wa refabishi mwulize ripoti ya majaribio yenye serial namba ya moduli hiyo hiyo. Akikutumia picha nzuri bila ripoti, achana naye. Na mkibadilisha moduli ya F, yaani ya usalama, kabla hujaichomeka geuza uangalie nyuma, kuna swichi ndogo ndogo za kupanga anwani, zipangwe sawa sawa na ile iliyotoka, vinginevyo mfumo utaikataa na mtadhani mmeuziwa mbovu.

Programu mnayo? Sio kwenye laptopu ya yule injinia aliyehama, nauliza mnayo nyie, nakala mbili sehemu mbili, na paswodi ya upande wa usalama mnaijua. Moduli utainunua, programu iliyopotea huipati dukani. Nayo laptopu ya kuprogramia isiwe ndiyo ya kuangalizia mpira. Mwaka 2017 kiwanda cha kemikali za mafuta Saudi Arabia kiliingiliwa na virusi vya Triton vilivyolenga mfumo wa usalama wenyewe, ule wa Triconex, na ufunguo wa kontrola ulikuwa umeachwa kwenye nafasi ya kuprogramu badala ya kurudishwa.

Swali: Kadi ya usalama imekufa kapasita, naweza kubadilisha mwenyewe? Soldering naijua vizuri.

*Kijana wa Kasulu*

Jibu: Kama ni pawa saplai ya kawaida badilisha, mradi uweke ya nyuzi 105 na volti zile zile au zaidi. Kadi ya usalama usiiguse, hata kama mkono wako ni mzuri. Itawaka na utaona imepona, ila ile sehemu ya kujikagua ndani huna kifaa cha kuipimia. Irudishe kwa wakala, na ukiitoa ibandike lebo ya onyo yenye "MBOVU" kubwa, mtu wa shifti ya usiku asije akairudisha.