Mwanangu, kuhusu maabara na shamba

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma jana usiku na leo asubuhi nikairudia. Unauliza kati ya zile nafasi mbili, ya maabara ya kuhariri jeni za mpunga na ile ya kuzalisha mbegu za mahindi yanayovumilia ukame, ipi ina future zaidi. Mambo ya ajira na mishahara muulize kaka yako, hayo ndo yake. Mimi nitakuambia hii kazi inataka nini kwa mtu, maana hicho nakijua, na wewe umekulia ndani yake, ile mifuko ya karatasi ya kufunikia mbelewele, yale maua ya juu ya mhindi, ilikuwa imejaa mpaka chini ya kitanda chenu.

Unajua ninachosema siku zote, hata baba yako alikuwa anakimalizia kabla sijafika mwisho: usiniambie mvua ilikuwa kidogo, niambie ilikosekana lini. Mahindi yakikosa maji yakiwa machanga yanaweza kujikaza na kurudi. Yakikosa wakati wa kutoa maua, wiki mbili tu zinatosha kukata mavuno nusu au zaidi, na hata mvua ije baadaye imwagike mwezi mzima hairudishi kitu. Mbelewele juu inamwaga chavua kwa ratiba yake, lakini ndevu chini zinachelewa kwa sababu mmea umeishiwa nguvu ya kuzisukuma nje, zikija kutoka chavua imeshaisha. Unamenya hindi unakuta punje moja hapa nyingine kule, kama mdomo wa kibogoyo. Ndo maana wale watu wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kule Mexico, kuanzia miaka ya 1970, walikuwa wanapanda majaribio yao msimu ambao hakuna mvua kabisa, maji wanayatoa wenyewe na kuyafunga wenyewe, halafu wanachagua ile mimea ambayo ndevu zake hazichelewi. Mizunguko kwa mizunguko, na ikaleta matokeo. Mimi kazi yangu yote nimeifanya juu ya wazo hilo.

Sasa ule msimu ambao nyie mliambiwa tu mama anaumwa kichwa. Sikuwa naumwa. Tulikuwa tumefunga maji kabla ya maua kama inavyotakiwa, majani yamejikunja, shamba linatia huruma ukiliangalia, lakini mimi nilikuwa napita mstari kwa mstari kila asubuhi na kulikuwa na aina mbili za mbegu pale, mbili tu, ambazo ndevu zilikuwa zinachomoza siku ileile chavua inaanza kumwagika. Huku jirani zake zote bado zimefunga! Nilikuwa naandika mkono unatetemeka. Halafu wafadhili wakatangaza wanakuja kutembelea, na aliyekuwa na mamlaka ya shamba akaona aibu kuwaonyesha mahindi yaliyonyauka, usiku akaamuru koki zifunguliwe. Asubuhi nafika, udongo unashika kwenye viatu, nikachukua kidogo nikakikamua mkononi, kikatoa maji. Majani yote yamefunguka, yamelala bapa, ya kijani. Wageni wakapiga picha, wakapiga makofi, ripoti ikasema shamba linapendeza. Ndani ya siku chache ndevu zikatoka kila ploti na zile mbili zangu huwezi tena kuzitofautisha na zingine.

Najua utasema alikuwa anatafuta hela ya kutuendesha sote, na ni kweli bila wafadhili hakuna jaribio. Hilo nimejiambia miaka yote. Lakini angeniuliza, ningesimama mbele ya wale wageni niwaeleze kwa nini shamba bovu lile ndo lilikuwa na thamani, wangeelewa, watu wanaelewa ukiwaeleza. Bado linaniuma, mwanangu, sitakuficha.

Ndo maana unaposema maabara kuna uhakika, kila kitu kinapimwa, joto unaliweka wewe, naelewa kinachokuvutia. Ila kopo ni kopo. Mmea kwenye kopo dogo unakauka ndani ya siku chache na mizizi haina pa kwenda, shambani ukame unakuja taratibu kwa wiki nyingi na mizizi inashuka kutafuta. Na mmea unaofunga vinyweleo vyake, vile vitundu vidogo vya kwenye majani, mapema kuhifadhi maji utabaki hai kweli, lakini umeacha kutengeneza chakula, mkulima atavuna nini? Kubaki hai na kuzaa ni vitu viwili.

Hapohapo najibishana mwenyewe, maana kuna mpunga. FR13A ni mpunga wa asili kutoka Odisha, India, ulijulikana kwa miongo kwamba unakaa chini ya mafuriko kama wiki mbili na kuamka, wakati mpunga mwingine unahangaika kurefuka kutafuta hewa mpaka unaishiwa. Wazalishaji walijaribu kuuchanganya na mpunga mwingine, uvumilivu ukaja pamoja na mavuno madogo na tabia zingine ambazo wakulima hawazitaki. Mwaka 2006 watu wa maabara wakatangaza wameipata jeni yenyewe, Sub1A, na kwa kuifuata hiyo wakaweza kuiingiza kwenye Swarna, mbegu ambayo wakulima walikuwa tayari wanaipenda, na 2009 Swarna-Sub1 ikaidhinishwa India. Bila maabara tungekuwa bado tunachanganya. Lakini bila wakulima wa Odisha kuutunza mpunga ule maabara ingetafuta nini? Unaona, hata mimi nazunguka.

Sitakuambia uchague ipi. Nimeandika jina la moja hapa nikalifuta, nikaliandika tena, nikalifuta, maana nakujua, nikilitamka utalifuata halafu utakuwa umeishi uamuzi wangu. Ila kabla hujasaini popote, wale wa maabara waulize mimea yao inatoka kwenye kopo kwenda shambani lini na nani anaipeleka. Na wale wa mahindi waulize funguo za koki anakaa nazo nani, na wakupe jina la mtu. Wakianza kuzungukazunguka nipigie hata kama ni usiku.

Mama yako