Jioni kwa boti Mwanza: panga kwanza saa ya kurudi

Mwanza jua huzama kati ya saa 12:35 na saa 1:10 jioni; Novemba huwahi, Februari huchelewa. Likishazama, mwanga hubaki kama dakika 20 tu. Boti iwe imefungwa gatini kabla hazijaisha. Kwa mzunguko wa saa moja na nusu, Novemba abiria wawe wameketi saa 11:15, Februari kama nusu saa baadaye. Wanaong'oa nanga saa 12 ndio wanaorudi gizani.

Na giza la Mwanza lina mawe. Majabali yanayoupamba mji yanaendelea chini ya maji, na kwa kuwa ziwa lilijaa sana mwaka 2020 na tena 2024, mengine yaliyokuwa yakichungulia yalifunikwa. Nahodha anayepajua hukaa mbali na ufuko na hupunguza mwendo akikaribia gati. Kuna nyavu pia. Hutegwa jioni, na alama yake mara nyingi ni dumu au chupa inayoelea, kitu usichokiona usiku. Uzi ukijisokota kwenye propela, injini inazima. Magugu maji nayo hufanya vivyo hivyo.

Kabla ya kuondoka hesabu majaketi okozi: moja kwa kila mtu, la mtoto liwe la saizi ya mtoto, na yafungwe mwilini. Jaketi lililokaliwa kama mto halimsaidii mtu. Kuwe na makasia mawili, kopo la kukumba maji, kamba na tochi. Mafuta yagawe mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya dharura. Injini nyingi za viharusi viwili, zile zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, zikishazoea kazi hutumia mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli. Oili ikipungua pistoni hukwama, ikizidi plagi huchafuka. Injini ikiwaka, tazama kimfereji cha maji kinachotoka ubavuni. Kisipotoka, zima mara moja: njia ya maji ya kupoza imeziba, na injini itaungua.

Saa ya hatari kuliko zote ni ile nzuri kuliko zote. Jua linapogusa vilima vya upande wa Kamanga, ng'ambo ya magharibi, watu husimama pamoja na kukimbilia ubavu mmoja kupiga picha, na boti ndogo hulalia ubavu huo. Nahodha ageuze boti ili kila upande upate zamu yake, abiria wakiwa wameketi. Picha ya Jiwe la Bismarck, jabali maarufu lililosimama majini karibu na ufuko, likiwa kivuli cheusi mbele ya jua hupatikana ukiwa nchi kavu, kwa sababu jiwe liko upande wa mjini. Ukiwa majini utalipata likiwa la dhahabu, nalo si haba.

Mawimbi ya kivuko yapokee kwa mshazari, mwendo ukiwa umepungua. Usiyaache yakupige ubavuni. Masika, Machi hadi Mei, ukiona wingu jeusi kisha upepo wa baridi ukakupiga ghafla, geuza hapohapo. Upepo hutangulia mvua, na ndio unaopindua.

Usiku usio na mwezi wavuvi wa dagaa huwasha taa zao ziwani, ziking'aa kama mji wa pili. Zitazame ukiwa ufukoni, boti imeshafungwa.