Swali la lugha: memori "imefika mpaka" au "imefika kikomo"?

Msomaji wetu wa Dodoma anatunza seva na ameandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Naandika mwongozo wa timu yetu kwa Kiswahili, kuhusu kuiongezea mashine pepe memori bila kuizima. Nimeweka 'mpaka wa plagi moto ya kumbukumbu umefika' ila wenzangu hawaelewi kabisa. Nimekosea wapi?"

Marahaba. Kwa wasiojua, mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya seva halisi. Kosa liko kwenye "plagi moto" kwanza. Ukimwambia fundi yeyote plagi ni ya moto atakimbilia kuzima swichi, maana anajua inaungua! Huo "moto" wa Kiingereza, kwenye "hot plug", maana yake ni kwamba umeme haujakatwa na kazi inaendelea, na sisi hilo tunalisema kwa kitenzi tu, kuchomeka memori mashine ikiwa inawaka. Usifupishe ukaandika "mashine ikiwaka", hapo -ki- inaweza kusomeka kama sharti, yaani subiri kwanza iwake ndo uchomeke, na wewe hutaki hivo. Kama timu imeshazoea "hotplagi" iacheni, ila mara ya kwanza kwenye mwongozo ielezeni.

Kumbukumbu nayo sio kosa, ila ofisini kumbukumbu ni za kikao, kwa hiyo mtu akisoma "punguza kumbukumbu" anaweza kuwaza mafaili. Andika memori, au ramu kama mnavyosema wenyewe mkiwa kazini.

Sasa mpaka. Mpaka unatenganisha pande mbili, Namanga kuna mpaka, ukiuvuka upande wa pili kuna nchi nyingine na watu wanaishi. Kwenye memori upande wa pili hakuna kitu. Afu neno lenyewe ni kihusishi pia, "memori mpaka GB 32" na "mpaka wa GB 32" zikikaa kwenye ukurasa mmoja msomaji anarudia mara mbili mbili. Mimi natetea kikomo, linatokana na koma, mahali ambapo jambo linasimama, na watu wanalijua tayari kwenye kikomo cha kutuma pesa kwa siku. Upeo ni neno zuri sana ila upeo ni umbali ambao jicho au akili inafika, na mtu anaweza kupanua upeo wake akiwa amekaa hapo hapo. Kikomo cha mashine pepe hakipanuki hivo, kinawekwa kabla haijawashwa na ukitaka kukibadilisha lazima uizime.

Na hapa ndo penye uzito hasa, kwa sababu vikomo viko viwili na mwongozo wako umevichanganya. Chukua QEMU, programu ya kuendeshea mashine pepe, unaiwasha mashine kwa -m 4G,slots=4,maxmem=32G. Hiyo GB 4 ni kiasi cha kuanzia, 32 ni kikomo cha memori yote kwa jumla, na slots=4 ni nafasi nne za kuchomekea. Sasa mtu akachomeka vipande vinne vya GB 1 kila kimoja, mashine ina GB 8, cha tano kinakataa. Je kikomo cha memori kimefikiwa? Hapana, bado GB 24 nzima! Zilizoisha ni nafasi. Ukimwandikia "kikomo kimefikiwa" atahangaika na maxmem siku nzima wakati shida ni kuchomeka vipande vidogo vidogo, angechomeka vya GB 7 hizo nafasi nne zingemfikisha 32 kamili. Kwa hiyo andika "nafasi zimeisha" kwa hilo, na "kikomo cha memori kimefikiwa" kwa lile lingine. Kimefikiwa, sio kimefika, maana kikomo hakitembei, mashine ndo inayokifikia.

Hukuuliza hili ila nimeona mbele umeandika "kuchomoa memori". Chomeka na chomoa ni jozi nzuri ya Kiswahili, kinyume kimejengwa humo humo ndani ya kitenzi, lakini ukisema nimechomoa maana yake kitu kimeshatoka. Memori haitoki kwa amri yako peke yako, mfumo endeshi ulio ndani ya mashine pepe lazima ukubali kuiachia, na kama kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, imeweka humo data zake zisizohamishika haitaachia. Andika "iombe mashine iachie memori", afu hatua inayofuata iwe kuhakiki kama imeachia kweli. Na mkihamia virtio-mem, njia nyingine ya kuipa mashine pepe memori, ambayo Linux inayo tangu toleo la 5.8 la 2020, hapo hata kuchomeka hakufai tena, kifaa ni kimoja na unachobadilisha ni ukubwa unaouomba, kwa hiyo sema ongeza na punguza.

Sentensi yako basi iwe hivi: "Kikomo cha memori kimefikiwa; huwezi kuchomeka zaidi mashine ikiwa inawaka. Izime, ongeza maxmem, kisha iwashe upya."