Je, GFX 100S inafaa kwa harusi na studio hapa Goma?
Ndugu, umeuliza kama inafaa uiache kamera yako ya kihisi (sehemu inayopokea mwanga na kuunda picha) cha milimita 36 kwa 24 na kununua kamera ya Fujifilm GFX 100S isiyo na kioo cha ndani cha kuakisi mwanga. Kihisi chake cha milimita 43.8 kwa 32.9 kina eneo la karibu mara 1.7 ya hicho chako, na megapikseli zake 102 zinakuwezesha kuchapisha picha kubwa ya ukutani ambayo nyuzi za kitenge huonekana waziwazi.

Harusini, hata hivyo, ulengaji wake (kuifanya picha iwe kali) ni wa taratibu kuliko wa kamera ndogo za kisasa, na kasi yake ya juu ya shata (pazia linaloruhusu mwanga kufikia kihisi) inayokubaliana na flashi ni 1/125 ya sekunde tu, jambo linalosumbua sana mchana wa jua kali kando ya Ziwa Kivu. Faili moja ghafi ya picha (data kamili ya kihisi kabla ya kuhaririwa), isiyobanwa, ya biti 16 hufikia takriban megabaiti 200, kwa hiyo uhesabu pia gharama ya kompyuta na diski. Vumbi letu jeusi la volkeno nalo nalihofia, kwa kuwa kihisi huwa wazi unapobadilisha lenzi.

Ikiwa kipato chako hutoka hasa studio, inunue. La sivyo, tafuta kwanza lenzi bora ya kamera uliyo nayo.