Ukitaka kuandika michezo ya mezani kwa malipo

Kazi hii hulipwa kwa idadi ya maneno, na asiyejua hilo mapema huumia. Naanza na hilo kwa sababu vijana wanaoniandikia kutaka ushauri huniuliza kwanza kuhusu mazimwi, falme na uchawi, kana kwamba ugumu uko huko. Mazimwi hawana shida. Shida ni pale mhariri alipotaka maneno 6,000, nawe una 7,400 na wachezaji bado hawajafika kwenye pango.

Kwa wasioijua michezo yenyewe: watu wachache huketi mezani (siku hizi mara nyingi mtandaoni), kila mmoja akiwa na mhusika wake, na mmoja wao akiwa mwendesha mchezo. Huyu husimulia mahali na tukio, wenzake husema wahusika wao wanafanya nini, na penye shaka zinarushwa dadu. Mchezo uliofungua njia, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974 kwa mikono ya Gary Gygax na Dave Arneson. Leo kuna michezo mingi ya aina hiyo, ya kutisha, ya angani, ya upelelezi, na yote huhitaji vitabu vya kanuni, viumbe, ramani na mikasa (yaani hadithi za kuchezwa) iliyoandaliwa tayari. Lazima mtu ayaandike hayo. Mara nyingi mtu huyo hana ajira popote. Ni kibarua kama mimi, anayekaa Mombasa na kutuma kazi Marekani na Uingereza kwa baruapepe. Mama hadi leo huwaambia majirani kwamba naandika vitabu vya watoto. Nimeacha kumsahihisha.

Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: mwandikie mwendesha mchezo, si mchezaji. Mwendesha mchezo ni mtu aliyetoka kazini, amelaza watoto, na wageni wake wanabisha hodi baada ya nusu saa. Mkasa wako ameupitia juu juu, pengine ndani ya matatu. Ataufungua ukurasa mbele ya watu na kuusoma kwa jicho moja huku rafiki yake akiuliza, "Je, nikimhonga yule mlinzi?" Jibu liko wapi kwenye ukurasa? Kama liko katikati ya aya ndefu inayoeleza utoto wa mlinzi, umemwangusha.

Kwa hiyo mpangilio una uzito kuliko ufundi wa lugha. Tanguliza kinachoonekana mtu akifungua mlango. Fuatisha kilichofichika na namna ya kukigundua. Halafu sema wenyeji wa mahali hapo wanataka nini. Historia ya jumba, kama ni lazima iwepo, iweke mwisho na iwe fupi. Mimi historia ndiyo ninayoikata kwanza maneno yanapozidi, na sijawahi kusikia mteja akiililia.

Vipo vipande vinavyokusudiwa kusomwa kwa sauti, ambavyo vitabuni huwekwa ndani ya kisanduku. Hapo waandishi wapya hujiachia. Sentensi tatu zinatosha, maana baada ya hapo watu wanaanza kuchezea dadu. Tena usiwaambie wachezaji wanahisi nini. "Mnaingiwa na hofu kuu" ni kuwanyang'anya mhusika wao. Wengine watakujibu palepale kwamba hawaogopi, na wana haki. Waonyeshe kitu cha kushika: "Taa inayumba kwa upepo. Mtu amelala kifudifudi kando ya kisima. Kamba ya kisima inatikisika." Hakuna meza nitakayoikuta isiyouliza kuhusu kamba ile.

Jambo jingine linalowasumbua waliotoka kwenye riwaya au hadithi fupi: huandiki yatakayotokea. Ukiandika "kisha wachezaji wanamfuata mwizi hadi bandarini," jua hawatamfuata; wataenda kumhoji muuza samaki ambaye hukumpa hata jina. Andika hali. Mwizi anataka nini, ana watu wangapi, na asipozuiwa atafanya nini usiku wa kwanza na wa pili. Ukiwa na hayo, mwendesha mchezo ataweza kujibu lolote. Na kama mkasa una fumbo, fuata kanuni inayojulikana sana katika fani hii: kila jambo ambalo lazima ligunduliwe lipewe dalili tatu zilizo mahali tofauti. Wachezaji watapita ya kwanza bila kuiona, ya pili wataielewa vibaya, na ya tatu itaokoa jioni.

Ujaribu mkasa kabla ya kuutuma, lakini usiuendeshe wewe. Ukiuendesha mwenyewe utajaza mapengo kutoka kichwani bila kujua. Mpe mwenzako maandishi, kaa pembeni, funga mdomo. Angalia anaporudi nyuma kutafuta kitu. Hapo ndipo pa kurekebisha. Kwetu maandishi huwa ya Kiingereza na mezani tunazungumza Kiswahili, na nimeona hilo lina faida yake: sentensi ambayo mtu hawezi kuigeuza papo hapo bila kigugumizi, kwa kawaida ilikuwa na kasoro tangu mwanzo.

Siku yenyewe haina mvuto wa kusimulia. Naandika asubuhi kabla ya joto, na maneno elfu moja yaliyo safi ni siku njema. Mchana ni wa mambo madogo: kuchora ramani kwa penseli ili mchoraji aielewe, kuandika maelekezo ya picha, kupitia mwongozo wa uandishi wa mchapishaji. Huo mwongozo usiudharau. Kila nyumba ya uchapishaji ina wake: jina la uchawi liandikwe kwa italiki au la, takwimu za kiumbe zifuate mpangilio gani, namba ya kushinda jaribio itajwe vipi. Mhariri humkumbuka mwandishi aliyempunguzia kazi. Mikutano ni usiku, kwa kuwa wahariri wengi wako ng'ambo. Kwa mtu wa Seattle, saa nne asubuhi kwao ni saa mbili usiku huku wakati wa kiangazi chao, na saa tatu usiku wanaporudisha saa nyuma mwezi Novemba. Sisi hatubadilishi saa, wao ndio wanaobadilisha, na kila mwaka kuna anayesahau. Stima ikipotea, simu na bando ndiyo ofisi.

Sasa pesa. Viwango nilivyokutana navyo zaidi ni kati ya senti 5 na senti 10 za dola kwa neno. Wapo wanaozidisha hapo, na wapo wanaothubutu kutaja senti 1. Piga hesabu kabla ya kufurahi. Maneno 6,000 kwa senti 7 ni dola 420. Dola moja ikiwa shilingi 129, unapata kama shilingi 54,000. Si haba, mpaka ujumlishe muhtasari, rasimu, jioni za majaribio na marekebisho ya mara ya pili. Ikikula mwezi mzima, kodi ya nyumba Nyali itakucheka. Ndiyo maana sipendekezi mtu aache kazi yake kwa ajili ya hii. Wengi ninaowafahamu katika fani hii, hata huko Marekani, wana kitu kingine kinacholipa bili. Mimi hutafsiri nyaraka.

Uliza pia utalipwa lini, kwa kuwa jibu la swali hilo linaweza kukuumiza kuliko kiwango chenyewe. Siku 30 baada ya rasimu kukubaliwa ni sawa. "Kitabu kikitoka" si sawa hata kidogo: vitabu hivi husubiri picha, usanifu, kiwanda cha uchapishaji na meli. Mchapishaji mmoja, jina nalihifadhi, aliahirisha kitabu mara baada ya mara, na malipo yakaahirishwa nacho. Siku hizi naomba nusu rasimu ya kwanza inapopokelewa, na iandikwe pia kwamba mradi ukifutwa bado nitalipwa sehemu. Hakuna aliyenikasirikia kwa kuomba. Ankara itume siku ileile unayotuma kazi, ikiwa na namba, tarehe na idadi ya maneno. Kwa sisi wa Kenya, kutoa fedha za PayPal kwa M-Pesa kumewezekana tangu 2018, ila makato ya kubadilisha dola yaweke akilini unapopanga bei.

Kuhusu ushuru, kampuni za Marekani zitakutumia fomu ya W-8BEN, unayotangaza humo kwamba wewe si mtu wa kule. Malipo ya kazi uliyoifanya ukiwa huku kwa kawaida hayakatwi. Mrabaha ni habari nyingine: kiwango cha kawaida cha makato yao ni asilimia 30, na Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kukipunguza. Bado KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, wanakungoja kabla ya tarehe 30 Juni.

Ipo njia ya kujichapishia, na kwa anayeanza naipenda. Mwezi Januari 2023, baada ya ghasia kubwa ya wapenzi wa mchezo kuhusu mpango wa kubadilisha leseni, Wizards of the Coast, kampuni inayomiliki mchezo huo, waliziweka kanuni za msingi za Dungeons & Dragons chini ya leseni ya Creative Commons. Maana yake unaweza kuandika mkasa unaotumia kanuni hizo na kuuza popote, mradi utaje chanzo. Huwezi tu kubeba ulimwengu wao na wahusika wao. Ukitaka kutumia na ulimwengu wao, kuna DMs Guild, duka lililofunguliwa 2016, ambako mwandishi hubaki na asilimia 50 na kazi haiuzwi kwingine. DriveThruRPG, duka jingine la mtandaoni, hukuachia asilimia 65, au 70 ukiwapa wao peke yao. Kwenye duka la itch.io wewe ndiye unayeamua wakate kiasi gani. Kickstarter, mtandao wa kuchangisha fedha za miradi, haipokei miradi ya watu walio Kenya, kwa hiyo huko utahitaji mshirika wa nje unayemwamini sana. Usitarajie utajiri kwenye maduka haya. Tarajia kitu kilichokamilika, chenye jina lako, cha kumwonyesha mhariri.

Nije kwenye jambo ambalo naliona zito zaidi kwetu. Mikataba mingi ya kulipwa kwa neno humfanya mchapishaji kuwa mwenye hakimiliki tangu mwanzo. Ukishatuma, si yako tena: wanaweza kuibadilisha, kuiuza kama mchezo wa kompyuta, kukuondoa kwenye toleo lijalo. Hiyo ni biashara halali na naisaini mara kwa mara. Lakini milango imefunguka kidogo kwa watu kama sisi (mwaka 2022 Wizards walitoa kitabu kizima cha mikasa 13 kilichoandikwa na waandishi weusi na wengine wasio Wazungu), na wahariri sasa huniambia, "Tuletee kitu cha Pwani." Hapo natenganisha. Hadithi alizonisimulia nyanya yangu hazipiti kwenye mkataba wa namna hiyo, wala dua na matambiko ambayo watu mtaani kwangu wanayaamini kweli. Hayo yakiandikwa, nitayaandika kwa jina langu na hakimiliki ikiwa yangu.

Ninachowapa ni namna maisha ya Pwani yanavyofanya kazi, maana hicho ndicho kinachojenga mchezo mzuri. Pepo za msimu, kwa mfano. Kaskazi huleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi mwisho wa mwaka, na kusi huyarudisha kuanzia karibu mwezi wa nne. Hapo una saa ya mkasa bila kuibuni: nahodha anayetafutwa lazima aondoke upepo ukigeuka, kila mkopeshaji mjini anajua hilo, na wachezaji wana siku chache za kumpata. Ukiongeza mji wenye kuta za matumbawe kama ule wa Gede, ulioachwa na watu wake karne ya 17, na swali la kwa nini waliondoka, umepata kazi ya maneno 6,000 ambayo hakuna mtu wa Indianapolis angeifikiria. Ila ukiombwa "kijiji cha Kiafrika" bila jina la mahali wala la watu, rudisha swali: kijiji gani, karne gani, wanakula nini? Mhariri mzuri atashukuru. Asiyeshukuru amekuonyesha kitabu kitakavyokuwa.

Akili mnemba msiitumie kuandika. Wachapishaji wengi wameshaiwekea kipengele kwenye mikataba. Paizo, wachapishaji wakubwa wa michezo hii, walitangaza 2023 kwamba wanataka kazi iliyofanywa na binadamu. Ukigundulika, umejifungia mlango mwenyewe.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii: andika mkasa wa kurasa mbili, usizidi. Mahali pamoja, mtu mmoja anayetaka kitu, njia tatu za kuingia. Mpe mwingine auendeshe, rekebisha, uweke itch.io hata kwa bei ya soda. Ukiwa na miwili au mitatu ya namna hiyo, tafuta wachapishaji wadogo wanaotangaza nafasi za waandishi, uwaandikie barua fupi: wewe ni nani, kiungo cha kazi yako bora, unaweza kutoa maneno mangapi kwa mwezi, na bei yako kwa neno. Usiambatishe riwaya yako. Wasipojibu baada ya wiki tatu hivi, kumbusha mara moja kwa adabu, kisha uhamie kwa mwingine.