Mteja haondoki kwa sababu ya makato

Jumamosi moja ya Januari nilisimama mbele ya ATM hapa Morogoro nikitaka shilingi 300,000 za kodi ya fremu. Mashine ikahesabu noti ndani, nikazisikia kabisa, kisha kimya. Kidirisha cha noti hakikufunguka. Ikatoka risiti inayosema muamala haukukamilika, na papo hapo ujumbe ukaingia kwenye simu: umetoa 300,000.

ATM kugoma si ajabu. Kilichoniuma ni siku 23 zilizofuata. Kila nikienda tawini naambiwa, "Tunalifanyia kazi, dada." Nani analifanyia kazi? Hakuna anayejua. Hakuna aliyenipigia hata mara moja. Hela ilirudi usiku, bila maelezo wala pole, na kesho yake nikaanza kutafuta benki nyingine. Nilikuwa nimekaa nao miaka 11.

Wafanyabiashara wenzangu wote tunalalamikia makato, lakini sijamwona aliyehama kwa ajili yake tu. Wanahama kwa sababu walikwama, wakauliza, wakakosa wa kuwajibu. Simu moja ya kuniambia "hela yako iko kwenye uhakiki, tutakujulisha Alhamisi" ingenibakiza.

Wazazi wetu walivumilia maana hawakuwa na pa kwenda. Benki zilitaifishwa Februari 1967, na kwa wengi NBC, yaani Benki ya Taifa ya Biashara, ndiyo ikawa benki, mpaka sheria ya 1991 ilipofungulia mlango benki binafsi. Hata baada ya hapo mtu alifuata tawi lililo karibu. Tangu mawakala wa benki waruhusiwe mwaka 2013, umbali nao haumfungi mtu tena.

Ila usihame kwa hasira. Kwanza andika malalamiko yako kwa maandishi, ubaki na nakala yenye muhuri na tarehe. Benki yako isipokutendea haki, Benki Kuu ina dawati la kupokea malalamiko ya wateja, na pale watakuuliza kama ulianza na benki yenyewe. Nakala ile ndiyo jibu.

Halafu ijaribu benki mpya kabla ya kuipa hela yako. Mimi nilipiga namba ya huduma kwa wateja Jumamosi jioni, kwa makusudi, nikauliza: ATM ikinikata bila kunipa hela, nafanyaje na narudishiwa baada ya siku ngapi? Benki mbili zilinizungusha. Ya tatu ilinitajia fomu, siku, na namba ya kufuatilia. Nikaenda huko.

Mwenye mkopo wa mshahara ana kazi zaidi. Omba barua inayoonyesha deni lililobaki, uliza gharama ya kulimaliza kabla ya muda, kisha uliza jumla utakayolipa huko uendako, usiishie kwenye riba. Riba ndogo ikivutwa miaka mingi zaidi inaweza kukutoa hela nyingi kuliko ya mwanzo.

Akaunti ya zamani iache wazi miezi miwili au mitatu, maana daima kuna mteja mmoja atakayetuma malipo kule. Chukua taarifa ya akaunti ya mwaka mzima, utaihitaji ukiomba mkopo. Mwisho ifunge kwa barua, usiitelekeze. Barua yangu niliiandika kwa mkono, wakanigongea muhuri. Ipo kwenye faili moja na ile risiti ya ATM, ambayo wino wake sasa umefifia hausomeki.