Mume yuko dagoni, mkwe anasema nimerogwa

"Shangazi, shikamoo. Nakuandikia kutoka Micheweni, Pemba. Nina mimba ya miezi mitano. Nilipokwenda kujiandikisha kliniki nilipimwa damu nikaambiwa nina kaswende. Sina kidonda, siwashwi, siumwi popote. Nilichomwa sindano mbili siku ile ile, moja kila upande, nikaambiwa nirudi kila wiki mpaka zitimie wiki tatu. Usiku wake nilitetemeka kwa homa na tumbo likanikaza. Niliogopa sindano isije ikanitoa mimba, maana mwaka juzi nilizaa mtoto wa miezi saba ameshafia tumboni. Siku ya kurudi ilikuwa juzi, sikwenda. Mume wangu yuko dago, yaani kambi ya wavuvi, huko Nungwi, na huko Unguja ana mke mwengine. Nimempigia simu, ananijibu yeye mzima wa afya, nijiulize mwenyewe nilikoitoa. Yeye ni mume wangu wa pili, na tangu anioe sijamjua mwanamme mwengine, Mungu shahidi. Mama mkwe alinikuta na ile homa, anasema mke mwenza ameniroga na anataka kunipeleka kwa mganga. La kaswende sijamwambia. Nimwambie?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako ina mambo mengi mazito, lakini lenye haraka ni moja, na silo la mumeo. Kesho asubuhi chukua kadi yako ya kliniki ukachomwe sindano ya wiki ya pili. Kuchelewa siku mbili tatu bado kunarekebishika. Ukiacha zikapita wiki mbili tangu ile ya kwanza, huenda wakakuanzisha upya, na kwa inavyouma sindano ile sidhani unataka kuirudia bure.

Homa iliyokupata inajulikana vizuri. Dawa inapowaua wale bakteria kwa wingi, mwili unapambana na mabaki yao, basi mtu hutetemeka, kichwa kikamgonga, viungo vikauma. Huanza saa chache baada ya sindano na kwa kawaida siku ya pili imekwisha. Mara nyingi huja kwa sindano ya mwanzo tu. Tumbo kukaza ndilo nisilotaka ulinyamazie. Mwambie mkunga ilivyokuwa, umuombe akuangalie kidogo kabla hujaondoka. Na siku yoyote ukiona tumbo linakaza na kuachia kwa mpangilio, maji au damu inatoka, au mtoto amepunguza kucheza, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kukuche.

Ile dawa ni penisilini aina ya benzathini, yuniti milioni 2.4 kwa kila mara, ndiyo maana wanaigawa pande mbili. Kwa mjamzito hakuna dawa nyengine iliyothibitika kumtibu na mtoto aliye tumboni. Penisilini ilianza kutibu kaswende mwaka 1943 na mpaka leo bakteria huyu hajapata ujanja wa kuishinda, tofauti na wa kisonono ambaye kila dawa anaizoea. Wiki tatu umepewa kwa sababu hakuna anayejua umeambukizwa lini. Ingejulikana umeambukizwa karibuni, pengine ya siku moja ingetosha.

Sasa mtoto wako wa mwaka juzi. Umemtaja kama jambo la kupita, mimi nimesimama hapo hapo. Kaswende isiyotibiwa huvuka kondo la nyuma, na ni moja ya sababu za mimba kuharibika na watoto kufia tumboni. Sisemi ndiyo iliyomchukua, watoto hufariki kwa sababu nyingi. Lakini lazima daktari ajue na aandike kwenye kadi. Kama una mtoto mkubwa, uliza kama naye apimwe. Huyu wa sasa anayo nafasi nzuri, kwa sharti umalize sindano mapema, si chini ya mwezi mzima kabla ya kujifungua. Akizaliwa, hata awe mnene na analia vizuri, wakunga waambiwe ili achunguzwe.

Haya, tuje kwa mzima wa afya. Kidonda cha kaswende huja kama wiki tatu baada ya kuambukizwa, hakiumi, na kwa mwanamke hujificha ndani asikione kabisa. Baada ya wiki kadhaa hukauka chenyewe. Halafu kunaweza kutoka vipele, hata viganjani na kwenye nyayo, pengine na nywele kunyonyoka mabaka mabaka. Navyo hupotea. Mvuvi ataona ni chumvi na jua. Baada ya hapo ugonjwa unaweza kukaa kimya miaka kumi na zaidi, huku unakula moyo na ubongo taratibu. Kwa hiyo mumeo kusema hasikii kitu si uongo, ila si ushahidi. Wewe mwenyewe husikii kitu!

Na nani ameileta? Tone lile la damu halina tarehe wala jina la mtu. Inaweza kuwa ya ndoa yako ya kwanza, inaweza kuwa yake kabla hajakuoa, inaweza kuwa ya jana huko dagoni. Mkianza kesi hiyo leo hamtaimaliza, na wakati mnabishana hapimwi mtu. Mtumie ujumbe wa maandishi, kwenye simu hasira hupanda upesi: "Baba fulani, sikuulizi kitu. Kliniki wanasema na wewe upime damu, inatibika kwa sindano. Usipotibiwa utaniambukiza tena na mtoto ataumia." Basi, usiongeze. Hapo Unguja hospitali hazikosekani, hana haja ya kusubiri arudi Pemba. Kama ni mkaidi, muulize mkunga kama anaweza kukuandikia karatasi ya wito kwa mwenza. Wanaume wengi karatasi yenye mhuri huiheshimu kuliko mke. Na akianza kukutishia kipigo, kitengo cha Mkono kwa Mkono, kinachowasaidia wanaofanyiwa ukatili, kipo hospitali ya Chake Chake.

Asikudanganye kwamba amenunua vidonge vya rangi mbili dukani amejitibu. Na akikuletea wewe, usimeze: huenda ni tetrasaiklini, na dawa za jamii hiyo huingia kwenye mifupa na meno ya mtoto.

Mke mwenzako naye apimwe. Najua mkwe amemgeuza mchawi, lakini huenda naye anaumwa bila kujua, na pengine ana mimba kama wewe. Kumwambia ni kazi ya mume wenu, na mwandikie hivyo. Mkitibiwa wawili akaachwa wa tatu, bakteria atazunguka na zamu.

Akirudi kabla hajatibiwa, usilale naye. Wote wamalize dawa, muongeze wiki moja juu yake. Ikishindikana, basi kondomu, ingawa haizuii kila kitu kwa kuwa kidonda kinaweza kuwa pale isipofunika. Kupona hakukupi kinga, ugonjwa huu hurudi upya. Kadi yenye tarehe za sindano uitunze, maana mimba ijayo kile kipimo cha haraka kinaweza kusoma tena kuwa unao hata kama umepona, na daktari atataka kuona ulivyotibiwa ili akupime kwa njia nyengine.

Kuhusu mkwe: usimwambie. Siri ya damu yako ni yako, ya mumeo na ya daktari. Kwa mganga usiende, si kwa kugombana. Mwambie kliniki wamekukataza dawa yoyote ya kunywa mpaka ujifungue, na akitaka kukusaidia, akuangalizie nyumba siku zako mbili za sindano zilizobaki. Akishikilia kombe, yale maji ya aya ya kunywa, na dua, dua muache akuombee. Kombe mwambie litakuja baada ya arubaini.